Mistari Sita ya Jumapili

3 Septemba

Mdogo wangu Sista,

Sisi tuliobaki huku nyumbani tuko hai, tunaamka na kwenda kazini, kwa hiyo pokea salamu zetu. Mgongo unanisumbua, lakini ni mgongo wa dobi, hauna habari mpya. Wifi yako anaendelea. Anakwenda misa ya kwanza na kurudi kabla watu hawajaanza kusalimiana. Hakuniambia nikusalimie, nami sitaki kuanza barua kwa kukudanganya.

Kazi ipo. Yule bwana wa suruali ya kijivu amekuja tena kulalamika kwamba nimeipunguza nilipoifua. Nikamwambia, "Mzee, suruali ni ile ile, tumbo ndilo jipya." Alicheka mpaka akashika meza. Nami nikageuka kumtafuta Karani ili na yeye asikie. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo.

Unakumbuka jina hilo lilivyoanza? Alikuwa darasa la nne. Kila wiki nilikuwa nachanganya nguo za watu, basi mwanangu akachukua daftari, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaanza kuandika: shati jeupe, doa la wino mfuko wa kushoto, gauni la buluu, kifungo cha pili hakipo. Wateja wakasema, dobi ameajiri karani. Jina likamkaa. Hata mama yake aliacha kumwita lile la ubatizo.

Sanduku lake mlilolituma kwa gari la parokia limefika. Asanteni. Sijalifungua. Liko chini ya meza ya kupigia pasi, na nikiwa kazini vidole vyangu vya miguu vinaligusa.

Nina mambo mawili. La kwanza ni mdogo wake. Chiriku anamaliza darasa la saba mwaka huu, na mwalimu wake amemjazia fomu ya kuomba nafasi kwenye sekondari yenu. Inasubiri sahihi ya mzazi. Nimekataa kuitia. Nilimleta mmoja kwenu akitembea, akarudi amelala. Sina mwingine wa kuleta.

La pili. Karani alituandikia kila Jumapili kwa miaka miwili na nusu, na barua zote ninazo. Ile ya mwisho ilitufikia siku tatu baada ya kumzika. Mama yake aliipokea mlangoni akadhani ni rambirambi. Inasema hajambo kabisa, wamefanya jaribio la jiografia, na waridi la mbele ya kikanisa limechanua. Aliandika hayo Jumapili. Alhamisi alikuwa amekufa. Wewe ni shangazi yake na mwalimu wake, ulikuwa naye hapo hapo. Niambie, Jumapili hiyo mtoto alikuwaje?

Kaka yako.


21 Septemba

Kaka yangu mpendwa,

Amani ya Bwana ishuke juu ya nyumba yenu, na juu ya huo mgongo wako usiotaka kusikia dawa. Nimefurahi kuuona mwandiko wako. Nimeuweka bahasha na yote chini ya mto.

Huku tunaendelea. Mkuu wa shule anasumbuliwa na goti, anapanda ngazi akihesabu, na wasichana wa kidato cha kwanza wanamhesabia kwa chini chini mpaka anageuka. Bati la maabara linavuja. Tulikuwa tisini na sita mwaka huu. Sasa tuko tisini na watano, na kila asubuhi anayeita majina hunyamaza kidogo mahali pale pale.

Kuhusu Chiriku, nakuomba usifunge mlango haraka. Najua watu wanavyouliza: shule ndogo kama ile ina faida gani? Hatuna bwalo la maana. Maktaba ni rafu mbili. Darubini ni moja. Lakini kwa kuwa wasichana ni wachache, kila mmoja huitazama darubini hiyo mpaka atosheke. Kila asubuhi msichana mmoja husimama mbele na kueleza jambo aliloliona jana yake, lile aliloliona kweli, na wenzake hawamkatizi mpaka amalize. Kisha humwuliza. Siku moja Karani alieleza kwa nini shati hunyunyiziwa maji kabla ya kupigwa pasi. Mwalimu wa fizikia alisema, "Nimefundisha mvuke miaka kumi, leo ndiyo nimeuelewa." Darasa zima likampigia makofi dobi wasiyemjua.

Na mimi je? Ulinibebea sanduku kichwani mpaka kwenye lango hili hili. Mkuu wa zamani alikuuliza, "Na wewe kijana, unasoma wapi?" Ukajibu, "Mimi nafua." Ulilisema kwa furaha, kana kwamba umepata bahati. Nililia bwenini wiki nzima kwa sababu ya neno hilo. Kila nilicho nacho kichwani kilitoka kwenye mikono yako ndani ya beseni la sabuni. Usimnyime Chiriku kitu ulichonipa mimi. Nafasi yake nitaishikilia mpaka shule itakapofunguliwa Januari.

Kuhusu yale mengine uliyouliza, tunamtaja Karani katika sala kila jioni. Msalimie wifi.

Mdogo wako.


10 Oktoba

Mdogo wangu Sista,

Nakuandikia nguo za hoteli zikiwa zinakauka, nina nafasi kidogo. Sisi hatujambo. Mvua imeanza, kwa hiyo chumba kizima kimejaa mashuka, tunapita tukiinama kama wezi. Chiriku amefanya mtihani wake wa mwisho na kusema ulikuwa rahisi. Lakini yule hata angepewa mlima aubebe angesema ni rahisi, ila tumpishe njia.

Nilimsomea barua yako. Aliisikiliza akiwa amekaa juu ya ndoo ile. Tukabishana hivi:

"Baba, unaniogopea mimi au unaiogopa shule?"

"Vyote."

"Basi anza na kimoja, kingine utakiogopa kesho."

"Ipo sekondari hapa mtaani. Utakwenda asubuhi, utarudi jioni, nitakuona."

"Hapo mtaani tutakuwa themanini darasani. Mwalimu hatajua hata kama nipo."

"Mimi nitajua."

Akanyamaza, na ukimwona Chiriku amenyamaza ujue jambo ni zito. Kisha akasema, "Dada alikuwa akirudi likizo ana maneno ya kukaa nayo. Mimi nina maneno mengi tu." Umri wake ni miaka kumi na mitatu. Nikachukua pasi.

Alivyosema ni kweli, sitakataa. Likizo yake ya kwanza Karani aliniuliza, "Baba, ulipokuwa mdogo ulitaka kuwa nani?" Watu wengi huuliza hivyo, lakini wakati unafikiri wao wamekwisha kwenda kwenye jambo jingine. Yeye alisubiri. Nilipiga pasi mashati mawili mazima, kola, mikono na mgongo, naye amekaa tu ananitazama. Mwishoni nikamwambia kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu, hata wewe. Hata hapa sitakiandika. Nilijua siku ile kwamba shule yenu imempa kitu. Nilikwenda kazini kesho yake nikijiona mrefu.

Ndiyo maana nauliza, Sista. Mtoto aliyekuwa akiandika kila kitu alichokiona, mpaka kifungo cha pili, aliandika Jumapili kwamba hajambo kabisa. Barua yako ilikuwa na kurasa tatu. Swali langu lilipata mstari mmoja, na ndani ya mstari huo hukulijibu. Mimi niliishia darasa la saba, lakini hilo nimeliona.

Jumapili alikuwaje?

Kaka yako.


19 Oktoba

Kaka,

Nisamehe, barua hii ni fupi. Mitihani ya muhula imeanza na nina karatasi za kusahihisha mpaka kitandani. Goti la mkuu ni lile lile.

Jumapili alihudhuria misa. Alikaa benchi la tatu. Jumatatu aliingia darasani. Jumanne alianguka wakati wa hesabu, tukamkimbiza hospitali ya misheni, daktari akasema ni homa ya uti wa mgongo. Hayo nilikueleza siku ya mazishi. Zaidi ya hayo, kaka, tumwachie Mungu.

Nakutumia picha aliyopigwa na kidato cha tatu. Ni huyo wa pili kutoka kushoto, aliyefumba macho.

Mdogo wako.


6 Novemba

Sista,

Tumeipata picha. Tuko wazima.

Jana nililifungua sanduku. Chiriku alihitaji sweta, asubuhi zimekuwa za baridi. Juu kabisa palikuwa na gauni la Jumapili, lile jeupe lenye mfuko mmoja kifuani na mmoja ubavuni. Lilikuwa halijafuliwa. Niliamua kulifua mwenyewe, kwa mkono.

Dobi hafui nguo bila kugeuza mifuko. Hata iwe ya marehemu, hata iwe ya mwanao, mkono unakwenda wenyewe. Kwenye mfuko wa ubavuni palikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne.

Ni barua ile ile ya Jumapili. Tarehe ile, jaribio la jiografia, waridi la kikanisa. Lakini katikati ina mistari sita ambayo sisi hatukuipata, na mistari hiyo imekatwa kwa wino mwekundu. Nainakili hapa, ingawa naona huna haja:

"Baba, kichwa kinaniuma upande wa nyuma tangu Ijumaa jioni. Maumivu yanaanzia shingoni. Nikijaribu kugusisha kidevu kifuani, shingo inakataa. Mwanga wa dirishani unaniumiza macho, kwa hiyo naandika nimegeukia ukutani. Jana nilitapika mara mbili na sikuwa nimekula kitu kibaya. Mwambie mama ningependa aje, kama ana nafasi."

Pembeni pameandikwa kwa wino ule ule mwekundu: "Tusiwatie wazazi hofu. Nakili upya, safi."

Mwandiko huo naujua. Nilikushika mkono mwenyewe ulipokuwa unajifunza kuandika, kwa kijiti, uani kwa mama.

Nimemsomea wifi yako. Aliniomba nirudie mstari wa mwisho. Nikarudia. Akasema, "Kumbe aliniita." Kisha akatoka nje, akaanua nguo za wateja zote, mbichi na kavu, akazikunja, akaziweka kwenye kapu. Ilibidi nizifue upya.

Fomu ya Chiriku nimeichana.

Kaka yako.


28 Novemba

Kaka yangu,

Barua hii nimeianza mara tano. Kila mara nilijikuta nataka kukusalimu vizuri kwanza, na kila mara nikaona hiyo salamu ni pazia. Basi nakusalimu tu.

Ni mwandiko wangu.

Nikueleze desturi yetu ilivyokuwa, si kwa kujitetea, bali kwa sababu hujui na unastahili kujua. Kila Jumapili baada ya misa wasichana hukaa darasani kuandika nyumbani. Barua huletwa mezani kwa sista wa zamu zikiwa wazi. Husoma, hurekebisha, huandika pembeni kwa wino mwekundu, na msichana hunakili upya kabla bahasha haijafungwa. Tulijivunia jambo hilo. Wazazi walituambia kwamba hakuna shule nyingine ambayo watoto wake wanaandika barua kama hizo. Na moja ya mambo tuliyowafundisha ni kwamba barua ya nyumbani isiwe gunia la manung'uniko. Mzazi yuko mbali, hawezi kufanya kitu, kwa nini umkoseshe usingizi? Hata mimi nilifundishwa hivyo hivyo. Ulipokuwa ukipokea barua zangu na kuwaambia watu, "Mdogo wangu anafurahi shuleni," nilikuwa na njaa nusu ya muhula wa kwanza, kaka. Sikukuandikia.

Jumapili ile zamu ilikuwa yangu.

Sasa sehemu niliyoikimbia tangu Septemba. Kabla ya barua yake nilisoma ya msichana wa kidato cha pili, aliyeandika kwamba jino linamsumbua. Nilimwita mezani, nikamfungua mdomo, nikampeleka kwa sista wa dawa mimi mwenyewe. Kisha nikarudi, nikasoma ya Karani. Yeye nilimkatia kwa wino. Unajua kwa nini? Kwa sababu alikuwa wetu. Tangu aje hapa niliogopa watu waseme shangazi anampendelea. Mwingine akikosea nilimwonya mara moja, yeye mara mbili. Mwingine akilia nilimshika bega. Yeye nilimwambia afute uso. Nilisoma mistari ile sita nikajisemea, huyu anataka kubembelezwa kwa kuwa mimi ni shangazi yake, wenzake watasema nini? Nikamwita. Alisimama mbele ya meza, akaipokea karatasi, akasema, "Ndiyo, Sista." Alikuwa amekunja uso kwa ajili ya mwanga. Nilidhani amenuna.

Nilimwambia, "Wewe ni msichana mkubwa sasa."

Hilo ndilo neno la mwisho nililomwambia akiwa na uwezo wa kunijibu. Hospitalini hakunitambua.

Sijawahi kuyasema haya kwa mtu mpaka ilipofika barua yako. Siku hiyo nilikwenda kwa mkuu wa shule, nikampa asome vyote, barua yako na yale uliyoyanakili. Alisema kwamba yeye amekata mistari ya namna hiyo kwa miaka ishirini na saba na hajui ni mingapi. Wiki iliyofuata desturi hiyo ilifutwa. Barua za wasichana sasa zinafungwa na wao wenyewe, hakuna anayezisoma. Nami nimeomba nihamishwe, nipelekwe nyumba yetu nyingine kuwatunza masista wazee. Jibu litakuja mwishoni mwa Januari.

Siombi usahau. Wifi nikimwandikia najua hatafungua, mwambie tu kwamba Karani alimwita na mimi ndiye niliyeizuia sauti yake isimfikie. Asije akadhani kuna mwingine.

Kuhusu Chiriku, umefanya sawa.

Mdogo wako.


11 Januari

Mdogo wangu,

Barua yako imekaa hapa wiki tano. Usidhani ilipotea. Niliisoma siku ile ile ilipofika, kisha kila siku nikawa na nguo nyingi.

Mgongo umekuwa afadhali. Yule bwana wa suruali amehamishwa kikazi, alikuja kuniaga, na ameniachia suruali yenyewe. Inaniingia mara mbili. Wifi yako ameanza kubaki nje ya kanisa baada ya misa, anaongea na mtu mmoja au wawili. Barua yako nilimsomea yote, hata yale ya jino. Alisema, "Angalau amesema." Sijui ni kitu gani alichokuwa anakipima.

Kabla ya Krismasi daktari mmoja alileta makoti yake meupe. Ni mteja wangu wa siku nyingi, mtu wa maneno machache. Sijui kilichonipata. Nilimtolea ile karatasi ya mfukoni, nikamwambia asome mistari iliyokatwa. Alisoma amesimama. Akauliza, "Mgonjwa huyu ni nani?" Nikamwambia ni msichana wa kidato cha tatu. Akasema, "Wagonjwa wangu ni watu wazima, wengine ni maprofesa. Ukiwauliza wanaumwa wapi wanakwambia mwili mzima. Huyu mtoto ametaja siku, ametaja mahali, ametaja hata alipogeukia. Ningeisoma hii ningeacha chakula mezani." Kisha akauliza anaendeleaje. Nikamwambia. Alikaa juu ya ndoo. Sikumwuliza kama angepona. Aliona sitaki kuuliza, naye hakusema.

Nimekaa na maneno yake. Kule kutaja siku na mahali hakukufundishwa na mimi. Mimi nilimpa daftari tu. Ni ninyi mliomsimamisha kila asubuhi aseme alichokiona kweli, mkanyamaza mpaka amalize. Shule yenu ilimfundisha mwanangu kueleza mauti yake vizuri kuliko mtu mzima. Kisha Jumapili mkamfundisha asiyaeleze. Vyote viwili ni ninyi. Nimejaribu kukichukua kimoja na kukiacha kingine, naona haviachani.

Jambo jingine nililiona nikiwa kazini. Barua zenu hutufikia baada ya siku nane au tisa. Hata usingekata kitu, mistari ile ingenifikia nikiwa nimekwisha kumzika. Niliandikiwa mimi, lakini sikuwa na uwezo wa kufanya lolote. Mama yake aliitwa, asingesikia kwa wakati. Mtu pekee duniani aliyesoma maneno yale mtoto akiwa bado anasimama kwa miguu yake ni wewe. Siandiki hivi kukuumiza. Najua unaumia bila msaada wangu. Naandika kwa sababu ya kile mlichokifanya baadaye.

Unaniambia mmeacha kusoma barua zao. Mmewaachia wafunge bahasha wenyewe, na mnadhani mmetengeneza. Hapana, mdogo wangu. Sasa mtoto akiandika kwamba shingo inakataa, hakuna hata mmoja hapo shuleni atakayejua mpaka sisi tuipokee huku, siku ya tisa. Kosa halikuwa macho yako juu ya ile karatasi. Kama kuna mtu nilitaka aisome Jumapili ile, ni wewe.

Chiriku aliokota vipande vya fomu siku niliyoichana, akavibandika kwa gundi ya fundi viatu. Imekuwa ngumu kama ubao. Aliiweka mezani juzi, akasema, "Baba, mimi sitakuwa Dada. Mimi hata nikiwa mzima napiga kelele. Nikiumwa watajua mji mzima." Mama yake alicheka. Ni mara ya kwanza tangu Juni, na alipomaliza alishangaa, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyecheka ndani ya chumba. Kisha akaniambia, "Tia sahihi. Lakini nitampeleka mwenyewe, na kila mwezi nitakwenda kumwona. Safari hii sisubiri kuitwa." Nikatia. Kalamu ilikwama kwenye gundi mara mbili.

Watafika Jumatatu ijayo mchana; barua hii naituma kwa gari la parokia iwatangulie. Mimi sitakuja. Lile lango nimelipita mara mbili na masanduku, sasa hivi sina miguu ya kulipita. Usinisubiri, na usiwaulize kwa nini.

Unaponiuliza juu ya kusamehe, ingawa hukuuliza kwa neno hilo, sina jibu. Kuna siku nikipiga pasi nakukumbuka ukiwa mdogo, unanisubiri njiani nitoke kazini, napata huruma. Kuna siku nasikia ule wino mwekundu mdomoni. Sitakuandikia kwamba niko sawa ili ulale vizuri. Barua za namna hiyo tumeziandika za kutosha katika ukoo huu.

Lakini nyumba ya wazee usiende. Waandikie wakubwa wako ubatilishe ombi. Wale masista wazee watapata mtu mwingine, ila barua za wale wasichana sijui nani mwingine atazisoma kama wewe utakavyozisoma kuanzia sasa. Mwambie mkuu wako nimesema hivyo, mimi dobi, baba wa yule wa tisini na sita. Kila Jumapili kaa mezani. Wino mwekundu usiwepo. Soma yote, ya Chiriku na ya wengine, na ya Chiriku usiisome kwa ukali zaidi kwa kuwa ni wetu. Ukikuta msichana yeyote ameandika kwamba anaumwa, usimalize kusoma. Inuka umwendee, umguse paji la uso. Sisi wazazi tutangoja.

Kaka yako.